Vidonge vinavyolinda stenti ya moyo: kipi kinamfaa mgonjwa wa Nyanda za Juu Kusini?

Mtu aliyewekewa stenti baada ya mshtuko wa moyo pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, akirudi nyumbani Mbeya anamwacha daktari wake kilometa zaidi ya 800 nyuma. Anachorudi nacho ni mfuko wa dawa. Humo mna za presha, za lehemu, pengine za kutuliza mapigo ya moyo, na zote zina kazi yake. Lakini ni vidonge viwili tu vinavyozuia damu isigande ndani ya stenti: aspirini, na mwenzake ambaye ni klopidogreli, tikagrelo au prasugreli. Hivyo ndivyo tunavyovipima hapa, na hatutumii kipimo cha maabara peke yake. Tunauliza pia kama dawa inavumilia maisha ya mbali na mji, na kama inapatana na sindano na vidonge ambavyo mtu wa huku hupewa kila anapougua.

Kwanza ieleweke kwa nini ni viwili. Stenti ni wavu mdogo wa chuma unaotanuliwa ndani ya mshipa uliokuwa umeziba. Chembe sahani za damu, zile zile zinazokimbilia kidonda ukijikata na panga, zinauona wavu huo kama kidonda kilicho wazi na kuanza kunata juu yake. Utando wa ndani wa mshipa unahitaji wiki kadhaa hadi miezi ili utambae na kuufunika. Stenti nyingi za siku hizi zimepakwa dawa kama everolimasi au sirolimasi, ili kovu lisiote likabana mshipa upya, na dawa hiyo hiyo huchelewesha utando kufunika chuma. Hatari huwa kubwa zaidi katika siku 30 za kwanza. Baada ya hapo inashuka, ila haifiki sifuri. Stenti ikiganda haigandi kidogo kidogo: mshipa hufunga ghafla, msuli wa moyo huanza kufa, na wengine hawafiki hospitali.

Chembe sahani huitana kwa njia zaidi ya moja. Aspirini hufunga njia moja tu. Kidonge cha pili hufunga mlango mwingine unaoitwa P2Y12. Utafiti wa STARS uliochapishwa Marekani mwaka 1998, zama za stenti zisizopakwa dawa, ulilinganisha njia tatu za kumlinda mgonjwa. Katika siku 30, waliopewa aspirini peke yake walipatwa na matatizo ya moyo au ya stenti kwa asilimia 3.6, waliopewa aspirini na warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, asilimia 2.7, na waliopewa aspirini pamoja na tiklopidini, mtangulizi wa klopidogreli, asilimia 0.5. Anayeacha kidonge cha pili kwa kuwa "aspirini si ninakunywa" anajirudisha kwenye kundi la kwanza.

Aspirini yenyewe ni rahisi na haina mpinzani. Kiasi cha kila siku ni miligramu 75 hadi 100, baada ya kula. Tatizo la huku ni kwamba duka likikosa ya 75 humpa mtu ya 300 na kumwambia ni ile ile. Si ile ile. Mlinzi huyo akizidishwa haongezi ulinzi, anaongeza vidonda vya tumbo, na kwa anayetumia tikagrelo, aspirini ya zaidi ya miligramu 100 kwa siku hupunguza nguvu ya tikagrelo yenyewe. Ikilazimu, kidonge cha kawaida cha 300 hukatwa robo, na robo moja ni 75. Kile chenye ganda la kukilinda kisiyeyukie tumboni hakikatwi.

Sasa tikagrelo, maarufu kwa jina la Brilinta au Brilique, ingawa siku hizi kuna za kampuni nyingine. Huanza na miligramu 180 kwa mkupuo, kisha 90 mara mbili kwa siku. Kwa nguvu, hii inamshinda klopidogreli. Utafiti wa PLATO wa mwaka 2009, wenye wagonjwa 18,624, ulionyesha kwamba ndani ya miezi 12 vifo vya moyo na mishipa, mshtuko wa moyo na kiharusi vilikuwa asilimia 9.8 kwa waliotumia tikagrelo, na 11.7 kwa waliotumia klopidogreli. Stenti zilizothibitika kuganda zilikuwa asilimia 1.3 dhidi ya 1.9. Haihitaji ini liibadilishe kwanza, hivyo huanza kazi haraka na haichagui mtu.

Saa yetu ya Kiswahili inaibeba vizuri: saa moja asubuhi na saa moja jioni, basi. Ukisahau kimoja, kunywa kinachofuata kwa saa yake, usikirudufu. Asiyeweza kumeza anaruhusiwa kukiponda na kukikoroga kwenye maji nusu glasi, anywe, kisha asuuze glasi kwa maji kidogo na kuyanywa nayo.

Dosari zake ni mbili, na zote ni nzito kwa mtu wa huku. Ya kwanza ni pumzi. Katika PLATO, asilimia 13.8 ya waliotumia tikagrelo walilalamikia kuishiwa pumzi, dhidi ya 7.8 upande wa klopidogreli. Kwa kawaida hujitokeza siku au wiki za mwanzo, mara nyingi si kali, na mapafu hayana ubaya wowote. Lakini mtu wa Makete au Uporoto akihisi pumzi fupi mwezi wa sita au wa saba husingizia baridi na mlima, kisha anaacha dawa kimya kimya. Usiiache. Nenda upimwe, kwa sababu pumzi fupi baada ya mshtuko wa moyo inaweza pia kuwa moyo ulioshindwa kusukuma damu, na hilo lina tiba nyingine kabisa. Miguu ikivimba, ukishindwa kulala bapa, ukikohoa usiku, usiitupie tikagrelo lawama kabla daktari hajakusikiliza kifua.

Ya pili ni kwamba tikagrelo hainati moja kwa moja kwenye chembe sahani. Hushika na kuachia. Mgonjwa aliyeishiwa dawa Ijumaa akisubiri basi la Jumatatu limletee kifurushi, ulinzi wake wa pili umeshuka sana kabla kifurushi hakijafika stendi. Klopidogreli na prasugreli huharibu mlango wa chembe sahani moja kwa moja, na chembe huishi siku 7 hadi 10, kwa hiyo ulinzi wake huisha polepole zaidi. Hiyo si ruhusa ya kuruka siku. Ni tofauti tu kati ya kosa lenye nafasi ya kurekebishwa na lisilo nayo.

Klopidogreli, ile ya Plavix na ndugu zake wengi wa bei nafuu, ndiyo tunayoiona kuwa farasi wa kazi wa nyanda hizi. Ni kidonge kimoja cha miligramu 75 kwa siku. Huanza na miligramu 300 hadi 600 kwa mkupuo, yaani vidonge vinne hadi vinane vya 75. Mgonjwa aliyepewa sindano ya kuyeyusha bonge la damu kabla hajasafirishwa kwenda kuzibuliwa, klopidogreli ndiyo huambatana na sindano hiyo: vidonge vinne kwa aliye na miaka 75 au chini, kimoja tu kwa aliyezidi hapo. Ukisahau na saa 12 hazijapita, kunywa ukikumbuka. Zikipita, subiri saa ya kesho.

Usishtuke ukisoma kwenye karatasi ya dawa kwamba kila kidonge kina karibu miligramu 98 za klopidogreli baisulfeti. Hiyo ni uzito wa dawa pamoja na chumvi yake. Klopidogreli halisi ndani yake ni 75.

Udhaifu wake ni kwamba inamezwa ikiwa bado haijaiva. Ini ndilo linaloigeuza kuwa dawa, kwa kimeng'enya kiitwacho CYP2C19, na sehemu kubwa ya kilichomezwa, takriban asilimia 85, hupotea bila kufanya kazi. Wapo watu ambao kwa kuzaliwa kimeng'enya hicho ni dhaifu, na kwao ulinzi unapungua. Ndiyo maana aliyeganda stenti akiwa anameza klopidogreli kila siku bila kukosa haambiwi "endelea tu". Hubadilishiwa dawa.

Prasugreli tunaipitia haraka kwa kuwa ni nadra kuikuta mkononi mwa mgonjwa wa huku. Ina nguvu, miligramu 60 kwa kuanzia kisha 10 mara moja kwa siku, ila aliyewahi kupata kiharusi, hata kile cha kupita, haruhusiwi kabisa. Mwenye kilo chini ya 60 au miaka 75 na zaidi, akipewa, hupewa 5.

Hukumu yetu ni hii. Anayeishi Mbeya mjini, Iringa mjini au Njombe mjini, mwenye bima au uwezo wa kuilipia miezi yote 12, na asiye na historia ya kuvuja damu, tikagrelo ndiyo bora na tusingependa aikose kwa sababu ya uzito wa kumeza mara mbili. Anayeishi Ludewa ndani, Ileje au Chunya, ambaye dawa humfikia kwa kutumiwa, klopidogreli isiyokatika inamfaa kuliko tikagrelo inayokatika kila mwisho wa mwezi. Suala hilo lizungumzwe kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini. Mwambie daktari wazi: ninaishi mahali fulani, famasi ya karibu iko mbali kiasi hiki, kwa mwezi naweza kutoa kiasi hiki. Madaktari wengi wa mjini hawaulizi, na mgonjwa kwa adabu hasemi.

Kubadilisha katikati ya safari kunawezekana. Utafiti wa TALOS-AMI wa Korea Kusini, uliotoka mwaka 2021, ulihamisha wagonjwa waliokuwa salama kutoka tikagrelo kwenda klopidogreli baada ya mwezi mmoja, na waliohamishwa walivuja damu pungufu kuliko waliobaki na tikagrelo, bila stenti kuganda zaidi. Lakini ndani ya siku 30 za kwanza haipendekezwi bila sababu nzito. Kuna pia saa ya kuanza, kwa kawaida 24 baada ya tikagrelo ya mwisho ukihitajika mkupuo wa vidonge vinane, na daktari ndiye anayeamua kama mkupuo huo unahitajika. Muuza dawa anayesema "hiyo imeisha, chukua hii, zinafanana" anacheza na mshipa wa mtu.

Vipo pia vidonge vyenye aspirini 75 na klopidogreli 75 ndani ya kimoja. Kwa mzee anayemeza dawa saba kwa siku ni nafuu kubwa, na tunavipenda. Angalizo ni moja: watu huendelea na aspirini ya zamani pembeni bila kujua kwamba imo tayari. Mweleze anayemhudumia mzee, si mzee peke yake.

Tuje kwenye kinachoharibu kazi ya vidonge hivi, maana hapa ndipo huku kwetu kuna mitego.

Mtego wa kwanza ni sindano ya diklofenaki. Mgongo ukiuma baada ya kulima viazi, mtu huenda zahanati na kuchomwa kabla hajaulizwa kitu. Kwa mwenye stenti anayetumia dawa mbili hizi, diklofenaki huongeza hatari ya kuvuja damu tumboni na hatari ya moyo kwa pamoja, na sindano yenyewe kwenye msuli inaweza kuacha bonge la damu kubwa pajani. Ibuprofeni nayo ikitangulia aspirini huizuia isishike chembe sahani. Maumivu ya kawaida yamalizwe na parasetamoli, gramu 1, isizidi mara nne kwa siku. Soma pakiti, kwa maana vidonge vingi vya mchanganyiko vya mgongo na viungo vina diklofenaki na parasetamoli pamoja, na jina la mbele halikuambii hivyo.

Mtego wa pili ni pakiti ya vidonda vya tumbo, ile inayouzwa kwa aliyekutwa na bakteria wa tumbo. Ndani mara nyingi kuna klarithromaisini na dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli. Klarithromaisini haitakiwi kabisa na tikagrelo: huipandisha katika damu kupita kiasi na mgonjwa huvuja. Omeprazoli na esomeprazoli hukishika kile kimeng'enya kinachoiivisha klopidogreli. Mwenye stenti anaruhusiwa kutibiwa tumbo, tena kulilinda ni sehemu ya tiba kwa mzee na kwa aliyewahi kuwa na vidonda, ila kwa mpango mwingine. Ya kupunguza asidi ambayo tungechagua pamoja na klopidogreli ni pantoprazoli miligramu 40.

Mtego wa tatu ni kifua kikuu na VVU, na Njombe, Iringa na Mbeya ni mikoa ambayo VVU iko juu kuliko mingi nchini, hivyo si jambo la pembeni. Rifampisini hushusha tikagrelo kwa kiwango kikubwa sana hadi ulinzi unakuwa wa jina tu, na kwa klopidogreli hufanya kinyume, huiongezea nguvu. Anayeanza dawa za TB akiwa na stenti lazima kliniki zote mbili zijue. Kwa dawa za kufubaza VVU, kidonge cha kila siku chenye dolutegraviri hakileti shida hapa. Shida iko kwenye dawa za mstari wa pili zenye ritonaviri: hizo haziendi na tikagrelo, na hudhoofisha klopidogreli. Huyo ndiye mgonjwa mmoja ambaye prasugreli, kama inapatikana na hana kizuizi, inastahili kutafutwa. Flukonazoli ya fangasi nayo huizuia klopidogreli kuiva. Watu huficha hali yao mbele ya daktari wa moyo kwa aibu, na hatuwalaumu, lakini jina la dawa linaweza kutajwa bila maelezo mengine.

Ulanzi na komoni hazigusi stenti moja kwa moja. Zinachubua tumbo ambalo aspirini tayari inalichubua.

Kuhusu kununua: maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, yameokoa watu wengi vijijini, lakini orodha yao ni fupi na usitegemee kuikuta klopidogreli humo. Tafuta famasi yenye mfamasia. Kidonge kikatwe na karatasi yake ya foili, kisimwagwe kwenye bahasha ya khaki, maana klopidogreli haipendi unyevu na bahasha haionyeshi namba ya toleo wala tarehe ya kuisha. Kama umehisi dawa si halali, ofisi ya kanda ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ipo Mbeya.

Halafu hesabu. Pakiti nyingi zina vidonge 28, si 30. Mtu anayenunua pakiti moja "kila mwezi" kwa mwaka amenunua siku 336, na mwaka una 365. Siku 29 zimeyeyuka, siku mbili au tatu kila mwisho wa mwezi, na hakuna aliyeona. Zinahitajika pakiti 13 na kidonge kimoja juu. Kwa tikagrelo, pakiti ya 56 ni wiki nne tu, na mwaka mzima ni vidonge 730. Nunua ukiwa umebakiwa na siku 10. Unapotumiwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, mvua za Kitonga na foleni za malori ya Tunduma zihesabiwe ndani ya siku hizo 10.

Kuvuja damu kupo, na kukuambia hakupo ni kukudanganya. Michubuko ya bluu mikononi na fizi kutoa damu kidogo kwenye mswaki ni bei ya kawaida, isiyohitaji kuacha dawa. Pua ikitoka damu, kaa, inama mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 10 hadi 15 bila kuchungulia. Choo cheusi kama lami, kutapika damu au kitu kama unga wa kahawa, maumivu makali ya kichwa ya ghafla, hayo ni ya hospitali usiku huo huo. Anayemeza vidonge vya madini ya chuma naye hupata choo cheusi, kwa hiyo ataje hilo akifika.

Jino likihitaji kung'olewa, dawa haziachwi. Ng'oa moja kwa siku, uma pamba ngumu nusu saa, na daktari wa meno ajue tangu mwanzo. Upasuaji mkubwa usio wa dharura, kama henia au tezi dume, unasubiri. Ukishindikana kusubiri, aspirini kwa kawaida hubaki, na ya pili husimamishwa kwa kipimo: klopidogreli siku 5, prasugreli 7, tikagrelo 3 hadi 5. Uamuzi huo hufanywa na daktari wa upasuaji akiwa amezungumza na wa moyo kwa simu. Kumwambia mgonjwa dirishani "acha dawa zote za kulainisha damu wiki mbili" ndiyo kauli tunayoiogopa kuliko zote.

Maumivu ya kifua yakirudi, yale ya kubana yanayopanda shingo au mkono na jasho la baridi, tafuna aspirini miligramu 300, yaani vinne vya 75, kama huvuji damu na huna mzio nayo. Usipande bodaboda peke yako. Beba kadi ya stenti, kwa sababu daktari wa zamu anahitaji tarehe na mshipa uliowekewa.

Miezi 12 ndiyo muda wa kawaida baada ya mshtuko wa moyo. Kwa anayevuja damu kirahisi, daktari anaweza kufupisha hadi mitatu, hata mmoja. Anayehitaji pia warfarini kwa ajili ya mapigo yasiyo na mpangilio ana ratiba yake fupi, ambayo klopidogreli ndiyo hutumika humo. Andika nyuma ya kadi tarehe ya stenti na mwezi wa kliniki ya mwisho. Siku hiyo kwa kawaida kidonge kimoja tu huondolewa, yaani cha pili. Wengi hutoka kliniki wakisema dozi imeisha na kuacha vyote, wakati aspirini ya 75 haikuandikiwa mwisho.